Bweni la Kabla

Jina la nchi yetu sitalitaja. Sheria mpya inataka jina hilo litamkwe mtu akiwa amesimama wima, na mimi hapa naandika nimekaa. Wewe ukiulizwa nani kaandika haya, sema hujui. Ni neno zuri, lina faida zake, utaziona mbele.

Mimi nina bucha. Shule niliacha nikiwa darasa la sita. Kila siku mwalimu alikuwa anatutuma kuni, nikaona kama kazi yenyewe ni kuni, bora nikauze. Silalamiki. Nimeoa, nimejenga, na nimemsomesha binti yangu Semeni mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Taifa kusomea ualimu wa hesabu. Akamaliza masomo yote, akafaulu yote.

Sekondari ya kata yetu haina mwalimu wa hesabu tangu yule wa mwisho aoe akahamia kwa wakwe zake. Siku hizi hesabu inafundishwa na mwalimu wa dini, ambaye kila swali linapomshinda anawaambia watoto kuwa hiyo ni siri ya Mungu. Serikali ikampangia Semeni kituo pale pale nyumbani. Kilichobaki ni cheti tu. Akiripoti na cheti shule zikifunguliwa, kazi ni yake. Asiporipoti, nafasi inakwenda kwa mpwa wa Afisa Elimu, kijana mzuri sana aliyesomea ususi.

Ndipo chuo kilipoamua kuboresha elimu.

*

Nisieleweke vibaya. Kuboresha ni jambo jema, hata mimi buchani nimewahi kubadilisha pazia. Uzinduzi tuliuona kwenye runinga. Waziri alikata utepe uliofungwa kwenye kitabu, kwa sababu hakukuwa na jengo, na kitabu kilipofunguka watu wakapiga vigelegele. Kilikuwa kitabu kinene. Kiliitwa Mpango Kabambe wa Kuboresha Shahada ya Kwanza, kwa kifupi MKAKUSHAKWA. Kulikuwa na kofia za MKAKUSHAKWA, fulana za MKAKUSHAKWA, na keki kubwa yenye umbo la kitabu, ambayo wakuu walilishana mdomoni kama maharusi.

"Kuanzia leo," Waziri alisema huku akijifuta krimu, "hakuna mwanafunzi atakayetoka chuoni hapa akiwa vilevile alivyoingia."

Tulipiga makofi buchani. Sikujua kuwa alimaanisha hakuna atakayetoka.

Wiki ile ile Semeni akapiga simu.

"Baba, sitoki."

"Umefeli?"

"Nimefaulu. Ndiyo shida yenyewe. Njoo, baba."

Nikamwachia mke wangu kisu, nikafunga mbavu za mbuzi kwenye mfuko kwa ajili ya binti, nikaondoka.

*

Getini nilimkuta mlinzi mwenye kofia ya MKAKUSHAKWA.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni nani kwenye mpango?"

"Mimi ni mtu. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Mtu hayumo." Akaonyesha ubao. "Kuna Mnufaika na kuna Mdau. Mnufaika ni mwanafunzi."

"Basi niweke huko kwingine."

Akanivalisha fulana, akanipa chupa ya maji na kalamu, akafunga geti nyuma yangu. Nikamuuliza nitatokaje nikishamaliza.

"Wadau hawatoki hivi hivi, mzee. Wanatoka wakisharidhika."

Niliona ni utaratibu wa heshima sana. Buchani kwangu mteja anatoka hata akiwa amekasirika.

Semeni nilimkuta kwenye bweni lililoandikwa KABLA kwa rangi nyekundu. Alikuwa amekonda. Aliziangalia zile mbavu kama anaangalia picha ya nyumbani.

"Kabla ya nini?" nikamuuliza.

"Kabla ya mpango. Baba, ili waonyeshe kuwa elimu imeboreka, lazima wawe na watu wa kulinganisha. Wa kabla na wa baada. Sisi tuliofundishwa kwa mtindo wa zamani ndio wa kabla."

"Na hao wa baada wako wapi?"

"Hawajaanza. Masomo yao bado yanajadiliwa."

"Sasa nyinyi kazi yenu hapa ni nini?"

"Kubaki hivi hivi."

Na kweli walikuwa wanasaidiwa kubaki hivyo. Nilimwona fundi akikagua bomba la bwenini. Lilikuwa bovu, lakini lilikuwa limeanza kutoa matone. Akalikaza mpaka likakauka kabisa, akaondoka ameridhika. Kulikuwa na mlezi, Bi Tausi, mama mnene mwenye sauti ya upole, ambaye kila asubuhi alipekua chini ya magodoro kutafuta vitabu. Mwanafunzi wa Kabla haruhusiwi kusoma peke yake, maana akijua kitu ambacho mpango haujamfundisha, hesabu ya maboresho inavurugika.

"Wewe ndiye Baba Semeni?" Bi Tausi aliniambia. "Binti yako ana adabu, ila ana tatizo la kuelewa. Mwambie apunguze."

Mfano wao wa kuwatisha wengine ulikuwa kijana mmoja aitwaye Chiduo. Huyu alikamatwa akiwaelekeza wenzake somo ubaoni, na wenzake wakaelewa. Kosa lake liliitwa kuboreka kiholela. Alihukumiwa kuhudhuria mihadhara ya Kurugenzi ya Mipango mpaka atakaposahau.

Nikasema nakwenda kumwona mkubwa wao. Semeni akanishika mkono.

"Baba, ukifika huko usiseme kama unavyosema buchani."

"Nasemaje buchani?"

"Unasema ukweli."

*

Mkubwa wao alikuwa Profesa Ndimbo, Mkurugenzi wa Mipango ya Taaluma. Nilimkuta ukumbini akiongoza kikao cha wadau. Nilipoingia tu, mlango ukafungwa kwa ufunguo. Niliambiwa ni kwa ajili ya kulinda akidi, kwa sababu watu wakitoka idadi haitoshi, na idadi isipotosha kikao si halali.

Profesa Ndimbo alikuwa na sauti nzito nzuri. Nilisikiliza kwa makini.

"Ndugu wadau, kumboresha mwanafunzi si jambo la kukurupuka. Mwanafunzi ni zao. Zao linahitaji shamba, shamba linahitaji mipaka, na mipaka inahitaji kamati ya mipaka. Wako wanaosema tuanze kufundisha. Mimi nawauliza, tufundishe kwa mamlaka ya kikao kipi?"

Makofi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Kazi hiyo haikuisha, maana kikao kilichopita nacho kilikuwa hakijathibitisha za kikao kilichokitangulia, na watu wengine walikuwa hawajatoka ukumbini tangu kile. Mhadhiri mmoja mwenye ndevu alinyoosha mkono akaomba ruhusa akafundishe.

"Ukitoka akidi inavunjika," Profesa akamwambia kwa huruma. "Unataka kuua elimu kwa ajili ya kipindi kimoja?"

Yule mhadhiri akashusha mkono. Baadaye niliambiwa zile ndevu hakuingia nazo.

Nikasimama.

"Samahani. Mimi muuza nyama. Naona walimu wote wa chuo hiki wako humu ndani. Huko madarasani anafundisha nani?"

Watu wakageuka kuniangalia.

"Swali zuri sana," Profesa akasema. "Ni swali la kimkakati. Tuliundie kikosi kazi."

Makofi tena. Katibu akaandika, kisha akasoma alichoandika: "Mdau kutoka sekta ya mifugo alipongeza juhudi za chuo."

"Sikupongeza."

"Hilo litaingia kwenye yatokanayo, mzee. Kikao kijacho."

"Kikao kijacho lini?"

"Hiki kikiisha."

"Na hiki kinaisha lini?"

"Kumbukumbu zikithibitishwa."

Nikakaa. Kwa mtu ambaye hakusoma ilinichukua muda kuona uzuri wa jambo lile. Ng'ombe akiingia machinjioni anapita kwenye uzio mwembamba ambao hawezi kugeuka. Wale waliojenga uzio ule hawakuwa na shahada. Hawa walikuwa nazo, na wamejijengea wenyewe, na wameingia wenyewe, na ufunguo wanao wenyewe.

*

Ililetwa chai na sambusa. Profesa Ndimbo akaja kukaa karibu yangu, maana mpango unamtaka kila mkubwa awe karibu na wadau wakati wa chai.

"Mzee wangu, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita. Sikumaliza."

Akaweka sambusa chini. "La sita?"

"Na la tano nililala sana."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Mimi nalijua lile jicho. Ndivyo ninavyomwangalia ng'ombe aliyenona mnadani, nikijaribu mwenye ng'ombe asione kuwa nimempenda.

"Sasa nikwambie shida yetu," akasema kwa sauti ya chini. "Hawa vijana wa Kabla wanajuajua vitu. Wengine wamejisomea tu, bila aibu. Tukija kulinganisha, tofauti itakuwa ndogo. Lakini nikiwa na mtu kama wewe! Mstari unaanzia chini kabisa ya karatasi! Ukipanda, unapanda mpaka wageni wanalia!"

"Niseme mimi sasa," nikamwambia. "Nikiingia Kabla, Semeni anatoka?"

"Idadi ya Kabla haipungui wala haizidi. Unaingia wewe, anatoka yeye."

"Na cheti chake?"

"Na cheti chake. Lakini sikiliza, mzee. Ubaki hivyo hivyo ulivyo. Ukiboreka, hata kwa bahati mbaya, wewe si Kabla tena. Nafasi itakuwa wazi, na mwenye nafasi tunamfahamu. Tunamfuata huko huko darasani kwake."

Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa laini kama maini. Akanifungulia mlango mwenyewe, kwa sababu mtu wa Kabla hahesabiwi kwenye akidi.

Semeni alipoambiwa alilia kwa hasira.

"Baba, mimi si mbuzi wa kubadilishana!"

"Hubadilishwi wewe, nabadilishwa mimi."

"Na bucha?"

"Mama yako anakata nyama vizuri kuliko mimi, na hagombani na wateja."

"Watakushikilia mpaka lini?"

"Mpaka hao wa Baada waje."

"Baba, Baada haiji! Umekaa kwenye kikao chao, umeona mwenyewe! Haiji!"

"Najua. Vaa viatu."

Alivaa. Walimfanyia mahafali yake pale pale getini, yeye peke yake, akiwa amevishwa joho refu la Profesa lililoburuzika vumbini. Profesa alisoma hotuba nzima kwa wingi, "enyi wahitimu," kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Kisha mlinzi akafungua geti kidogo, upana wa mtu mmoja mwembamba. Semeni aligeuka.

"Dada, kugeuka hakumo," mlinzi akamwambia.

Geti likafungwa. Mimi nikavuliwa fulana ya Mdau, nikavalishwa ya Mnufaika. Ilikuwa fulana ile ile, imegeuzwa nje ndani.

*

Shule zilifunguliwa, Semeni akaripoti. Mpwa wa Afisa Elimu akafungua saluni, na nasikia inakwenda vizuri. Shule zikafungwa, zikafunguliwa tena. Mimi nipo.

Sinyanyaswi, niseme ukweli. Wageni wakija ninaonyeshwa wa kwanza. Nimepigwa picha nikiwa nimeshika kitabu juu chini, ingawa kukishika sawasawa najua, na picha iko kwenye kalenda ya chuo, mwezi wa sita. Profesa akipita hunisalimia, "Shikamoo, Kabla," na mimi humwitikia marahaba.

Hatari ni moja tu, masikio. Mtu anaweza kufumba macho asione herufi, lakini masikio hayana kifuniko. Chiduo, yule kijana aliyehukumiwa kusahau, kitanda chake kiko karibu na changu, na kila akifua nguo hujisemea masomo kwa sauti. Anasema anayamwaga ili yatoke kichwani. Yanatoka kweli, ila yanapotoka yanakuja kwangu. Nimejaribu kuimba nisimsikie. Nimejaribu kufikiria mifupa. Wapi. Siku moja niligundua kuwa ninajua kwa nini paa la bucha yangu linavuja upande ule, ni ule mteremko wake. Nikaogopa sana. Nikanywa maji, nikalala mchana.

Simu tunaruhusiwa Ijumaa, mbele ya Bi Tausi. Semeni hunipa habari za nyumbani, mama yake ameongeza jokofu, paka amezaa kwenye pipa la chumvi. Kisha hunieleza habari za darasa lake, na hapo sauti hubadilika, huwa kama ya alipokuwa mtoto.

"Leo baba nimewaelewesha pembetatu! Wameelewa, mpaka yule mtoro wa kwa mzee Kipande kaelewa! Nikawapa swali. Pembe moja ni hamsini, ya pili ni sitini, ya tatu ni ngapi? Baba, vidole vyote juu!"

"Sabini," nikasema.

Sikukusudia. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka nilifurahi, niliona raha kama ya kupasua mfupa kwa shoka moja. Na Semeni naye akacheka, kicheko kikubwa cha furaha, kisha kikakatika.

"Baba. Umejua wapi hiyo?"

Bi Tausi alikuwa ameinua uso kutoka kwenye sufuria yake ya chai.

"Nimeotea," nikasema.

"Usiotee tena, baba. Nakuomba. Nina watoto wa mtihani mwaka huu. Usiotee tena."

Nikarudisha simu. Bi Tausi alikoroga chai yake muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

*

Baada ya hapo wakaja watathmini. Hawa wanatoka nje ya chuo, kuja kuhakikisha kuwa Kabla ni Kabla kweli. Kabla hawajaingia, Profesa Ndimbo alinivuta pembeni. Alikuwa anatoka jasho.

"Mzee, kuna fununu kuwa unaotea."

"Mimi? Na kichwa hiki?"

"Nimeshamtafuta dereva wa kwenda kwenu. Gari limejazwa mafuta. Sitaki liondoke, mzee wangu. Ni binti mzuri, nasikia anafundisha vizuri. Lakini mpango ni mpango."

Mtathmini alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na uso mwema. Alinisalimia, akaniuliza kama nimekula. Akanichorea pembetatu kwenye karatasi.

"Pembe hii hamsini, hii sitini. Hii iliyobaki ni ngapi, baba?"

Pembe zile zile. Kwa nini iwe zile zile sijui, labda vitabu vyote vya nchi hii vina mfano mmoja, au labda Bi Tausi alikwenda kusema. Niliiangalia ile pembetatu. Na yenyewe iliniangalia.

"Mia saba," nikasema.

Profesa akapumua. Mama akaandika. Kisha akaweka kalamu, akavua miwani, akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtu.

"Hili halimo kwenye maswali yangu. Nauliza tu. Wewe umekaa hapa muda mrefu. Umeona wanafunzi, umeona walimu, umekaa hata kwenye vikao. Unadhani kifanyike nini ili vijana hapa wafundishwe vizuri?"

Tangu niingie geti lile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Na jibu ninalo. Nililo nalo si jibu la msomi, ni jibu la mtu wa bucha. Fungua mlango wa ukumbi walimu waende darasani. Waliomaliza waende nyumbani. Bomba lifunguliwe, vitabu virudishwe chini ya magodoro na juu ya magodoro. Lingemalizika kabla chai haijapoa. Lilinifika kooni, likasimama hapo na miguu yote minne. Maisha yangu yote jambo likinifika hapo nalisema. Nimewahi kulisema mbele ya diwani. Nimewahi kulisema msibani.

Nyuma ya yule mama, dirishani, niliona gari limeegeshwa kwenye kivuli, dereva ameshika usukani.

"Sijui, mama," nikasema.

Akashusha pumzi. "Maskini," akasema, lakini si kwa dharau. Akaandika.

Profesa Ndimbo alinisindikiza mpaka bwenini akiwa amenishika bega. "Umefanya vizuri sana," akaninong'oneza, kisha akajisahihisha haraka. "Namaanisha umefanya vibaya sana. Hongera, mzee wangu. Hongera!"

Ijumaa Semeni akapiga. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto wanatoka darasani, viti vinaburuzwa, mtu anaitwa jina.

"Walikuja, baba?"

"Walikuja."

"Walikuuliza?"

"Waliuliza pembetatu. Kisha wakaniuliza chuo hiki kifanywe nini kiwe kizuri."

Zile kelele zikapungua, nadhani alikuwa ametoka nje, au amefunga mlango.

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema sijui."

"Asante, baba." Nikasikia anavuta makamasi. Kisha akauliza polepole, kama anavyowauliza watoto wake, ninavyomjua, akitaka sana mtu apate. "Lakini wewe jibu unalijua, si ndiyo, baba?"

Bi Tausi alikuwa mlangoni. Leo hakuwa na sufuria wala kikombe. Alikuwa amesimama tu, mikono kifuani, ananisikiliza kwa upole.

"Sijui, mwanangu," nikasema.